Breki za Nyawira

Kabazi
9 Novemba 2024

Kwa Njuguna, mwanangu uliyebeba jina la baba yangu,

Kabla ya yote, pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Hatujambo. Mahindi tumevuna, yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, na jirani yetu mzee Ndegwa bado anakohoa, ila hajaacha kunipungia fimbo kila asubuhi juu ya ua. Sue hajambo? Mwambie sweta ya mtoto nimefika mabegani.

Najua utauliza mbona barua tena na dunia nzima ina simu. Tangu ugonjwa ule uondoke na masikio yangu, simu kwangu ni tochi. Maandishi yake ni madogo kuliko chawa, na Joan akinisomea ujumbe huruka yale anayoona hayanifai. Ni binti yangu, nampenda, lakini anayekusomea huku akichagua ni afadhali asikusomee. Karatasi haichagui. Kwa hivyo barua yako mpe dereva wa gari la Nakuru, aiache kwenye duka la Joan pale Free Area, na lori la maziwa litanifikishia. Bahasha uibandike sawasawa, maana unamjua dada yako.

Sasa jambo lenyewe. Nyawira alipoanza kulegea breki, uliniambia niachane na fundi wa hapa sokoni, nimpeleke kwa ile kampuni inayouza magari Nakuru, wenye kazi yao. Nikakutii. Unajua pikapu ile ndiyo marehemu mume wangu Jamleck aliyoniachia, akaipa jina la mchapakazi, nayo haijawahi kulichafua. Walikaa naye mpaka nikaanza kusahau rangi yake. Bili waliyonipa ililiondoa lile fahali langu zizini. Waliandika kwamba wametia pampu mpya ya breki. Nililipa, sikununa.

Lakini kabla sijafika Maili Kumi nilishajua. Ukikanyaga breki na kushikilia, mguu unazama polepole kama uliokanyaga unga. Niligeuza papo hapo nikarudi. Fundi mmoja wa ovaroli ya buluu akanichekea kwa adabu, nikamsoma midomo: "Mathe, hizo ni brake mpya. Zinataka tu kukuzoea."

Breki si bibi harusi, zinizoee nini?

Ni wewe uliyenielekeza kwao, na Kiingereza chao unakijua. Ukipita Nakuru, ingia uwaambie. Mimi nikisema wanayatazama masikio yangu.

Shangazi yako,
Wangare


Longonot
24 Novemba 2024

Mpendwa Tata,

Barua yako ilinikuta nimetoka kazini, mikono ikinuka maua, nikaisoma nimesimama. Tumefurahi kusikia habari za ndama. Huku ni vumbi tupu. Likivuma kutoka upande wa mlima, Sue hufunga madirisha na bado tunalikuta kwenye sukari. Mtoto ameota jino la kwanza, na cha kwanza kuking'ata nalo kilikuwa kidole changu. Sweta anaingoja.

Kuhusu Nyawira, usiwe na wasiwasi, Tata. Wale ni watu waliosomea kazi hiyo, wana mashine za kupima kila kitu. Niliwapigia simu nikaongea na mwanamke wa mapokezi, anaitwa Chepngeno, mtu wa heshima sana. Alitazama kwenye kompyuta yake akasema, "Hiyo gari iko sawa kabisa, sir. Ilipimwa ikapita." Huenda ni kweli kwamba breki mpya zina ugeni wake. Hata viatu vipya huuma kwanza.

Basi endesha polepole kwa muda. Na ule mteremko wa Subukia, kama kuna mtu wa kukubebea kabichi hadi sokoni, mpe. Nitapita kwao mwenyewe nikipata siku ya mapumziko, ingawa kuanzia sasa hadi Februari sisi wa maua hatulali.

Mwanao,
Njuguna


Kabazi
20 Desemba 2024

Njuguna, baba,

Ni fupi leo. Sote tu wazima. Ndama ananawiri. Kabichi ziliuzwa, si zote.

Nyawira amerudi kule kwenye kampuni, alivutwa kwa gari lingine. Wamesema watamtazama. Usihangaike kuja Krismasi, njia zina magari mengi na mtoto bado ni mdogo. Sweta itachelewa kidogo.

Mwandiko ukiuona umepinda ni kwa sababu ninaandikia gotini.

Wangare


Longonot
4 Januari 2025

Mpendwa Tata,

Heri ya mwaka mpya. Sue anakusalimu, na mtoto sasa ana meno mawili.

Tata, tangu lini goti likamfanya mtu aandike kwa mkono wa kushoto? Nilimwonyesha Sue barua yako, akaniambia mpigie Joan sasa hivi. Joan amenieleza yote. Nyawira alikushinda kwenye mteremko wa Subukia ukiwa na shehena, ukaingia kwenye majani ya ng'ombe ya mtu, na mkono wako wa kulia umetiwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Nawe unaniandikia habari za ndama! Nilikasirika, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Ungekufa, Tata, nani angenipasha habari? Lori la maziwa?

Sasa nisikilize, na usiikunje barua kabla ya kufika mwisho. Nimezungumza na meneja wao, Bwana Kipchirchir. Anasema breki walizotia zilikuwa nzima, ila zimeliwa kwa kukanyagwa bila kuachiliwa mteremko mzima. Anasema breki zikianza kuisha hupiga kelele kwanza, zinamwonya dereva. Dereva asiyesikia hataonyeka. Hakulisema kwa ubaya. Wamezitengeneza upya, na wanataka kazi hiyo ya pili ilipwe kabla ya gari kutoka kwenye uwanja wao.

Joan naye ananiambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sisemi hivyo. Nasema tu, Tata, umefanya kazi maisha yako yote. Pengine si vibaya kupumzika kidogo. Wacha Nyawira akae pale kwa sasa, mkono upone. Nitaenda kuwaona baada ya msimu wa Valentine.

Wako katika mapenzi,
Njuguna


Kabazi
18 Januari 2025

Kwa Njuguna,

Salamu kwa Sue na kwa mwenye meno mawili. Plasta itatolewa mwezi ujao. Ndegwa ndiye anayenikamia, na ng'ombe hawampendi.

Mwambie Joan mimi sisikii la mkuu wala la mdogo, na guu langu ni zima. Kilichovunjika ni mkono.

Sasa zamu yangu. Nawe pia ufike mwisho.

Nilishuka mteremko ule na gia ya pili, kama ninavyoshuka siku zote. Sikuikalia breki. Nilipofika kwenye kona, niliigusa mara ya kwanza na mguu ukaenda mpaka chini, ukakaa huko. Hakukuwa na kelele ya kusikia wala ya kutosikia. Nilirudisha gia ya kwanza, nikavuta handbreki, nikachagua majani ya ng'ombe badala ya kibanda cha watu. Yote hayo niliyafanya na haya masikio yangu. Mwenye masikio yake angefanya lipi zaidi?

Wewe mtoto, nikueleze namna ninavyoendesha. Gari nalisikia kwa mguu, kwa mgongo na kwa viganja. Injini ikikohoa naijua kwenye makalio kabla hujaijua wewe kwenye sikio. Aliyenifundisha ni babu yako uliyerithi jina lake. Alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu, na hata alipokatiwa ekari zake hapa Kabazi aliendelea kuendeshea watu. Wanaume walimcheka kwa kumpandisha msichana kwenye usukani. Yeye akaketi kando yangu juu ya bati la gurudumu, hakuna hata pa kushika, nikamzungusha shamba lote. Trekta ile ilinguruma mpaka hakuna aliyemsikia mwenzake. Kwa hivyo unaona, hata kuendesha bila kusikia nilianza zamani.

Ninachotaka si pesa. Fahali lilishakwenda, na likienda limekwenda. Nataka mtu mmoja kule aseme, "Mama, ulikuwa sawa, kosa ni letu." Nikiilipa bili hiyo ya pili nitakuwa nimetia sahihi kwamba mimi ni bibi kiziwi asiyefaa kushika usukani. Na siku hiyo Joan atachukua funguo, na hatakuwa na kosa kuzichukua. Bila Nyawira, mimi huku ni mtu wa kungoja kubebwa. Kungoja sijui. Sikufundishwa.

Nenda kawaambie. Wewe utasikilizwa.

Wangare


Longonot
27 Februari 2025

Mpendwa Tata,

Nisamehe kwa kimya. Msimu wa Valentine ulitumaliza. Tulifunga maua mpaka wengine wakasinzia wamesimama, na mwishowe nikashikwa na homa. Sue alininywesha tangawizi mpaka nikaomba msamaha. Sasa nimepona. Mtoto anasimama kwa kushika kiti, kisha anakisukuma. Sue anasema amekurithi wewe.

Nimefurahi kusikia kwa Joan kwamba plasta imetoka. Mkono usiulazimishe.

Tuliozesha binamu ya Sue hapo Nakuru wiki iliyopita. Ilikuwa harusi nzuri, chakula kikabaki, tukalala kwa Joan pale Free Area usiku mbili. Joan anakusalimu sana na anakutakia mema, amini usiamini.

Kuhusu ile kampuni, bado sijapata nafasi ya kupita. Wao bado wanasema bili kwanza, gari baadaye. Nilikuwa nikifikiria, Tata, ukipata dereva wa kukuendeshea siku za soko, tungeshirikiana kumlipa, mimi na Joan. Wewe ungekaa kando na kumwelekeza. Nadhani ungeweza kuzoea.

Wako,
Njuguna


Kabazi
10 Machi 2025

Njuguna,

Tu wazima. Mvua imenusa, haijanyesha. Sweta imekwisha, na nimeirefusha mikono yake kwa kuwa mwenyewe amekua nikingoja wangu upone.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Ukiwa huna masikio unajifunza kuyatazama mambo yaliyo kimya, na barua yako imejaa kimya.

Ulilala kwa Joan usiku mbili. Ukisimama kwenye mlango wa duka la Joan unaliona bango la kampuni ile ng'ambo ya barabara. Mtu hahitaji nafasi kupita pale, anahitaji kuvuka. Hukuvuka. Nilijiuliza kwa nini, na jibu nililipata nikikama. Wewe na Joan hamtaki gari litoke. Mmeona afadhali bili ikae na Nyawira akae nayo, mpaka niwe mzee wa kutosha kusahau. Mlikubaliana hivyo Januari, wala si kwa ubaya. Najua ni mapenzi. Lakini mapenzi ya namna hii ni ya kuku aliyefungwa mguu ili asigongwe barabarani.

Wamekuambia kosa ni langu, na wewe umeamini. Hilo ndilo linaloniuma, baba. Mkono haukuuma hivi.

Sitakungoja tena, wala sikufukuzi. Nimezungumza na Ndegwa. Unajua hakuna mahari iliyojadiliwa Kabazi hii bila yeye kuwa msemaji. Nilipomweleza kwamba Nyawira amezuiliwa kwa watu na wanadai malipo ya juu, alikaa kitako akafikiri, akaniandikia kwenye ule ubao wangu kwa chaki: HILO NI JAMBO LA WAZEE. Anasema mtu haendi kuulizia binti yake kwa watu peke yake, na haendi na kelele. Anakwenda na watu wake, wamevaa vizuri, wamebeba vikapu. Basi Jumamosi tarehe 22 tunateremka Nakuru, mimi, yeye na akina mama wa kikundi chetu cha kanisa. Tutafika saa nne asubuhi.

Nimekwambia ili usije ukasema hukuambiwa.

Shangazi yako, bado,
Wangare


Longonot
17 Machi 2025

Tata,

Leo sitaanza na habari za mtoto.

Ni kweli. Nilisimama kwenye mlango wa Joan nikaliona bango lile. Joan akasema, "Si uwachane nayo tu? Gari ikikaa, mathe anakaa." Nikarudi ndani nikanywa chai. Sikuona kama ni kukudanganya. Niliona ni kukuweka hai. Tangu Desemba nikifunga macho nauona mteremko ule, nawe uko ndani. Mama aliponiacha mdogo ni wewe uliyenichukua, ukanilea na Joan sahani moja. Sina shangazi mwingine, wala sina mama mwingine.

Lakini umesema niliwaamini. Ndiyo, niliwaamini. Walikuwa na kompyuta, na wewe ulikuwa na mguu. Nilichagua kompyuta. Naona aibu kuliandika hili, ila umesema karatasi haichagui.

Hilo la Ndegwa na vikapu linanitia hofu kwa namna nyingine. Wale ni watu wa ofisi, Tata, watawacheka. Jumamosi niko zamu, na ruhusa sijapewa. Nitajaribu. Siahidi, kwa sababu nimeshakuahidi mengi mwaka huu na wewe ndiwe unayeyadai.

Njuguna


Kabazi
30 Machi 2025

Kwa Njuguna wangu,

Salamu nyingi, na mvua hatimaye imenyesha. Ndegwa amepona kikohozi. Anasema ni ile chai ya Nakuru.

Ulifika mambo yameshaiva, kwa hivyo acha nikusimulie ulichokosa. Mengine nimesimuliwa na akina mama, waliyoyasikia kwa niaba yangu.

Tuliingia pale tumevaa nguo za Jumapili. Ndegwa na kofia yake na fimbo, akina mama na viondo vya ndizi, viazi na kunde. Yule Chepngeno wako wa mapokezi alituona akasimama haraka, akatuketisha kwenye viti vile vya ngozi, akatuletea chai na biskuti. Alidhani sisi ni chama tumekuja kununua gari jipya! Akina mama wakaanza kutaka kucheka, Ndegwa akawakata jicho. Tukanywa chai yao polepole. Bwana Kipchirchir akatoka ofisini anafunga kifungo cha koti, meno yote nje.

Ndegwa akasimama. Akasema, "Sisi ni watu wa Kabazi. Tulipotelewa na mwana-kondoo wetu. Tukafuata nyayo, zikatuleta mpaka lango hili. Hatukuja kugombana. Tunauliza tu kama mmemwona."

Chepngeno akabaki na birika mkononi. Lakini Kipchirchir alitutazama mmoja mmoja, akatazama vikapu, na nikamwona usoni anaelewa. Naye ana kwao, na kwao pia wazee huenda kuposa kwa watu hivyo hivyo. Alikifungua kile kifungo, akavuta kiti. "Mzee," akasema, "hapa hatufugi kondoo. Lakini mgeni akiuliza, anajibiwa." Akamwita mkuu wa karakana na yule fundi wa ovaroli ya buluu waje waketi upande wake, ili nasi tuwe na wenzetu wa kuzungumza nao. Siwezi kumchukia mtu aliyefanya hivyo, hata kama alikuambia mimi ni kiziwi. Mimi ni kiziwi kweli.

Wakasema Nyawira ni mzima, tulipe tumchukue. Ndegwa akasema, "Hatukatai kulipa. Ila kwetu binti harudi nyumbani peke yake, anasindikizwa na mmoja wa wale aliokaa kwao." Sijui kama ni desturi au aliitunga pale pale, sikuwahi kuisikia kabla. "Mama huyu ataendesha mpaka chini ya mteremko wa Subukia. Mmoja wenu aketi kando yake. Akirudi anacheka, tunalipa yote, na biskuti pia."

Tukatoka uani. Nikapanda, nikawasha, nikaufungua mlango wa abiria kwa ndani, nikangoja.

Mkuu wa karakana alikumbuka simu yake. Kipchirchir alimwambia yule wa ovaroli, "Si wewe ndio ulifanya hii kazi? Panda basi." Yule akasema, "Boss, si tutumie ile mashine kwanza?" Hakupanda. Akatazama viatu vyake. Kipchirchir naye akamtazama, na koti lake likaanza kumbana upya. Joan alikuwa kwenye lango amekunja mikono. Niliutazama ule mlango uliofunguka, nikafikiri, basi ni hivi.

Ndipo ukaja wewe kutoka barabarani, nguo zimejaa vumbi la Longonot, viatu vya kazini, unahema. Sijui ulimwambia nini mkubwa wako. Hukuuliza lolote. Ulipanda, ukafunga mlango, ukavuta mkanda.

Yaliyofuata uliyaona. Uwanja ule umeinama kidogo kuelekea langoni, nami nikaachilia polepole kuliko mtu anayetembea, nikakanyaga. Ulichokosa kukiona ni nyuso zao. Akina mama wanasema taa nyekundu za nyuma ziliwaka, zikaendelea kuwaka, na Nyawira naye akaendelea kwenda. Kipchirchir aliona kwa macho yake breki imekanyagwa na gari haina habari. Nilivuta handbreki, na hata hivyo tuliubusu mrundo wao wa matairi.

Boneti ikafunguliwa mbele ya wote. Pampu ilikuwa ile ile ya Jamleck, imepanguswa tu. Mpya nililipishwa, haikutiwa mara ya kwanza wala ya pili. Kipchirchir aliinama akaikagua mwenyewe. Kisha alisimama mbele yangu, sio kando, ili niuone mdomo wake, akasema taratibu: "Mama, ulikuwa sawa. Kosa ni letu."

Baba, nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Niliketi kwenye mrundo wa matairi nikalia na kiondo mapajani.

Bili ya pili ilichanwa. Pampu mpya imetiwa, hii nimeiona kwa macho, na Kipchirchir mwenyewe akaketi kando yangu hadi Lanet na kurudi. Ndegwa akadai mbuzi wa faini. Walipatana kwa tangi lililojaa dizeli, maana Ndegwa alisema huyo ndiye mbuzi wa mjini. Joan alinipa funguo zangu za akiba, zile alizonificha, na akanikumbatia mpaka mkono ukaniuma.

Sasa nina swali moja, na ndilo lililonifanya niandike. Ulipokuwa unavuta mkanda ulisema kitu. Niliona mdomo ukicheza kwa pembeni ya jicho, lakini nilikuwa natazama mbele, dereva hutazama mbele. Halafu Ndegwa akaruka kando kofia ikamtoka, nikaangua kicheko, ikapita. Tangu siku hiyo najiuliza ulisema nini.

Niandikie.

Shangazi yako,
Wangare


Longonot
5 Aprili 2025

Mpendwa Tata,

Sote hatujambo. Mtoto ameivaa sweta, amekataa kuvuliwa, amelala nayo. Mkubwa wangu nilimwambia naenda kutoa posa. Ananiuliza kila siku wamekubali au la.

Ningependa kukuandikia kwamba nilisema neno kubwa, neno la kufanana na babu aliyeketi juu ya bati la gurudumu bila pa kushika. Sikulisema. Nilikuwa naliangalia lile lango, na barabara kuu nyuma yake, na malori yanavyopita. Mkanda niliushika kwa mikono miwili.

Nilisema, "Tata, naogopa sana, lakini sishuki."

Na ulipocheka, nikadhani umenisikia.

Njuguna